Waya Uliokataa Kujificha

Gari la kampuni ya intaneti liliposimama mbele ya geti saa nne asubuhi, Kimya alichungulia dirishani akahesabu walioshuka. Wawili. Moyo ukamshuka mpaka kwenye ndara. Mara zote nne zilizopita alishuka mmoja tu, fundi mrefu mwenye shati la buluu na ngazi begani, na huyo mmoja alikuwa akimtosha. Leo fundi alishuka mikono mitupu, kama mtu anayepelekwa mahakamani, na mbele yake alitangulia mwanamke mfupi mwenye miwani na ubao wa karatasi kifuani.

"Wamefika," Mama alisema kutoka sebuleni, kwa sauti ya mtu ambaye ugomvi ameusubiri tangu alfajiri na viatu vyake ameshavivaa.

Jina la Kimya hakupewa na wazazi. Alipewa na mama mdogo wake siku wageni walipokaa nyumbani kwao siku tatu, wakaaga wakiuliza kama yule mtoto alizaliwa bubu. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita, amesoma mpaka chuo, na kazi yake ilikuwa kusahihisha vitabu vya shule kwa mchapishaji, mezani kwake, kwenye kona ya sebule. Koma iliyopotea ukurasa wa mia mbili angeiona akiwa amesinzia. Lakini kumjibu muuza duka aliyemuuliza "ngapi?" lilikuwa jambo la kujipanga.

Mama naye alikuwa muuguzi mkuu mstaafu. Miaka thelathini na miwili wodini ilimwachia mambo mawili: mashuka yaliyokunjwa pembe kama bahasha, na chuki kubwa dhidi ya kitu chochote kinachoning'inia.

"Nimeishi na mipira ya dripu mpaka nikaiota," alimwambia fundi siku ya kwanza alipokuja kuwaunganishia intaneti. "Sasa nimepumzika. Sitaki kuona waya ukining'inia mbele ya wageni wangu. Upitishe unakojua, baba, ila mimi nisiuone."

Fundi alisema, "Hautauona, mama," na akafanya kazi kama anayetarizi. Aliuingiza waya kwa tundu dogo juu ya dirisha, akaushusha nyuma ya pazia, akaulaza juu ya ubao wa chini ya ukuta na kuushika kwa vibanio vyeupe vidogo kama meno ya maziwa, kibanio hadi kibanio kwa kipimo kimoja, akizunguka fremu ya mlango mpaka kabatini. Kimya alijifanya anasahihisha. Siku ile alisoma sentensi moja kwa dakika arobaini.

Ilipobaki mita moja tu, fundi aliinuka akajipangusa magoti. "Vibanio vimeniishia," alisema, akimtazama Kimya badala ya Mama. "Nitarudi Alhamisi."

Alhamisi alirudi, akamaliza. Mama alivaa miwani, akautafuta waya ukuta mzima, akaukosa. "Huyu kijana ana mkono," alisema, na kutoka kwa Mama hiyo ilikuwa nishani. Kimya peke yake ndiye aliyekaa akiutazama ukuta ule msafi kama mtu aliyefiwa. Kazi imekwisha vizuri. Kitu kikiisha vizuri, nani atarudi kukitengeneza?

Jumapili, Mama alipokwenda kumtazama mgonjwa, Kimya alichukua kisu cha siagi akapanda kiti dirishani, kisha akapiga magoti chini yake. Hakuwa amewahi kuharibu kitu maishani mwake. Vibanio vilitoka kwa urahisi wa kutisha. Waya ukalala sakafuni kama nyoka aliyeshiba, na Mama aliporudi alishika kiuno.

"Hee. Ule mkono niliousifu ndio huu?"

Fundi aliitwa mara ya tatu. Alichutama, akapitisha kidole kwenye matundu ukutani, akaona mikwaruzo. Kisha akageuza shingo taratibu kumtazama Kimya, naye Kimya akazama kwenye kitabu chake cha sayansi ya darasa la tano kana kwamba ametumbukizwa. Alifunga upya, polepole mno, na Mama alipokwenda jikoni akasema bila kugeuka:

"Waya huu ndani una uzi wa kioo, dada. Unapitisha mwanga. Ukiukunja kona kali, mwanga unakata. Ukiuzungusha kwa upole, unafika popote."

"Naam," alijibu Kimya.

Neno moja. Lakini alilitoa mwenyewe, hakulazimishwa, na usiku mzima alilikumbuka kwa fahari.

Wiki iliyofuata vibanio vikatoka tena. Fundi akaja mara ya nne. Mama sasa hakusifu wala hakukaribisha; alisimama nyuma yake mikono kifuani mpaka akamaliza. Siku tatu baadaye vikatoka tena, na safari hii Mama hakumpigia fundi. Alipiga simu kampuni.

Kimya hakuwa amejua sheria ya kampuni. Aliisikia simu ile ikiwa kwenye spika. Nyumba ikimhitaji fundi mara ya tano, msimamizi anakwenda mwenyewe kukagua. Kazi ikionekana mbovu, fundi anaondolewa kwenye kazi za majumbani na kupelekwa kwenye minara, huko mbali ambako gari la kampuni huenda mara moja kwa mwezi. Mama alijibu, "Vizuri sana," akakata simu. Tangu hapo Kimya hakulala. Kisu alikishika yeye, na adhabu ilikuwa inakwenda kumwangukia mwingine. Njia ya kuizuia ilikuwa moja, nayo ni kusema, mbele ya watu, kwa mdomo wake, kile ambacho hakuwa ameuambia hata mto wake wa kulalia.

Na sasa walikuwa mlangoni.

"Hodi hapa," alisema msimamizi.

"Karibuni. Vueni viatu tu hapo, sakafu imepigwa deki," alisema Mama. Kisha kwa fundi, baridi kidogo: "Na wewe, baba."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ukuta wako huo."

Mama mdogo alikuwa ameshakaa kwenye kochi na bakuli la karanga. Alikuja tangu saa mbili, akidai amekuja kurudisha ungo, ingawa ungo wenyewe alikuwa ameusahau kwake. "Dada aliniambia leo kuna kesi," alimwambia msimamizi kwa uchangamfu. "Mimi ni ndugu wa mlalamikaji. Sina upande."

Msimamizi hakucheka. Alitazama waya uliolala sakafuni kutoka dirishani hadi mlangoni, akaandika. Alitazama matundu, akaandika. Kisha akainua kichwa.

"Na ruta iko wapi?"

Mama alikohoa.

"Mteja pia amelalamika kwamba intaneti inakatika. Nataka kuiona ruta. Kile kisanduku chenye taa."

"Najua kisanduku chenye taa," alisema Mama. "Kipo."

"Wapi, mama?"

Mama mdogo alimumunya karanga, macho yake yakapanda juu ya kabati. Fundi akafuata macho yale. Kimya naye. Juu ya kabati palikuwa na sufuria kubwa la shughuli, limefunikwa, na kwenye ukingo wa kifuniko palipenya waya mwembamba.

Msimamizi alipanda kiti. Alifunua. Ndani ya sufuria, juu ya kitambaa cheupe kilichofumwa kwa uzi, ruta ilikuwa inawakawaka kwa unyonge.

"Ile taa ilikuwa inanikonyeza usiku kucha," alisema Mama kwa heshima zake zote. "Na mlisema kila kitu kitafichwa."

"Mama, umeifungia ndani ya chuma. Mawimbi hayatoki."

"Mbona harufu ya chakula hutoka?"

Msimamizi aliandika jambo refu. Fundi aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Kimya aliyaona mabega yale na kwa dakika moja akasahau kwamba anaogopa. Walitazamana. Kicheko kilichokuwa machoni mwa fundi kilivuka sebule nzima kikamfikia kama maji ya uvuguvugu, na akatamani kesi hii isiishe, mradi fundi asimame pale na yeye akae hapa.

"Basi," msimamizi alisema, akishuka. "Sufuria tumeliona. Turudi kwenye vibanio. Safari mbili za kwanza zilikuwa za kuunganisha, sina neno nazo. Lakini baada ya hapo kazi hii imerudiwa mara mbili, na leo iko sakafuni tena. Fomu yangu inataka sababu." Alisoma kwa kidole. "Kazi mbovu. Kifaa kibovu. Mteja amevuta waya. Wanyama waharibifu. Moja kati ya hizo. Mama, umevuta waya?"

"Mimi?" Mama alijishika kifua. "Mtu na akili zangu?"

"Fundi, vibanio vyako ni vibovu?"

"Hapana, bosi. Ni vile vile ninavyotumia kila nyumba."

"Kazi yako ni mbovu?"

Fundi alimtazama Kimya. Mara moja tu, upesi, kama mtu anayegusa pasi kuona kama imepata moto. Kimya alifungua mdomo. Maneno yalikuwa yamejipanga vizuri tangu juzi, yana herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni, lakini yalipofika kooni yakakuta mlango umefungwa. Midomo yake ikatikisika, sauti haikuja.

Fundi akaona. Akavuta pumzi.

"Panya," alisema.

Mama mdogo aliacha kutafuna.

"Umesemaje?" aliuliza Mama, polepole sana.

"Nadhani ni panya, mama. Wanapenda vibanio. Plastiki ile ina... ina ladha."

"Panya. Humu ndani. Kwangu."

"Wadogo tu, mama," alisema fundi, jasho likimtoka. "Pengine mmoja."

Maskini fundi. Alitaka kumwokoa binti, akaingia kwenye kisima chenye mamba. Angemwambia Mama kwamba anachukua vitu vya watu, angesikilizwa. Angemwambia kwamba amezeeka, angesamehewa. Lakini mwanamke huyu alikuwa amewahi kumrudisha mganga mkuu mlangoni akanawe mikono mara ya pili, na sakafuni kwake pangeweza kuliwa chakula bila sahani.

"Dada, kaa chini," alisema mama mdogo.

"Sikai. Msimamizi, andika. Kazi mbovu, na mdomo mbovu. Nilikuwa namwonea huruma kijana huyu, nikajiambia labda ana mawazo. Kumbe ni mtu wa kuharibu kwa mikono halafu akasingizia nyumba za watu. Nitakwambia kitu nilichojifunza wodini: daktari anayerudia kidonda kile kile kila wiki, ama hajui kazi, ama hataki mgonjwa apone. Mpelekeni huko minarani. Kule hakuna sakafu ya kutukana."

"Wewe unakiri ni kazi mbovu?" msimamizi alimuuliza fundi. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Andika tu, bosi," alisema fundi kwa sauti ndogo. "Nimekubali."

Kimya aliona kalamu ikianza kuchora mstari. Akainuka. Kiti chake kilianguka nyuma, kwa kishindo kikubwa kuliko vyote alivyowahi kusababisha, na wote wanne wakageuka.

"Mama," alisema. "Panya ni mimi."

Hakuna aliyeelewa. Mama mdogo ndiye aliyeanza kuelewa. Bakuli la karanga aliliweka chini taratibu, kama mtu anayetaka kuwa na mikono yote miwili.

Kimya aliingia chumbani kwake akarudi na soksi moja ya sufu. Akaimimina mezani. Vibanio vilitoka kwa mlio wa mvua ya mawe, vyeupe, vingi, kila kimoja na msumari wake mdogo.

"Vipo arobaini na viwili," alisema. Sauti ilikuwa inatetemeka lakini ilikuwa imeshapata njia. "Kumi na vinne kila mara. Nilivitoa kwa kisu cha siagi, Mama ukiwa umetoka. Kazi yake haikuwa mbovu. Kazi yake ilikuwa nzuri mno. Haikuwa inaharibika yenyewe, ndiyo maana nikaiharibu."

"Kwa nini?" aliuliza Mama. Si kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Kimya alitazama sakafu. Uso ulikuwa unamwaka mpaka masikioni. "Ili arudi."

Msimamizi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa, kana kwamba angeweza kuona vizuri zaidi jambo lililokwisha kusikika.

"Na wewe," alimgeukia fundi, "fundi wa miaka sita. Hukuona alama za kisu?"

"Niliona, bosi."

"Tangu lini?"

"Tangu mara ya tatu."

"Ukanyamaza."

"Ningeandika, mngefunga kazi hii. Ningepitia wapi tena?" Aliikuna shingo yake. Alikuwa anamwambia msimamizi, lakini macho hayakumtii, yalikuwa yamekwenda kwa Kimya na kukaa huko. "Na tukiwa tunasema ukweli, siku ile ya kwanza vibanio havikuniishia. Vilikuwa mfukoni. Nilikuwa navishika nisije nikalia kama manyanga."

Mama mdogo alicheka mpaka akapaliwa na karanga, na Mama, kwa mazoea ya kazi, akampiga mgongoni mara tatu bila kuondoa macho kwa fundi.

"Dada," alisema mama mdogo alipopata pumzi, "si wahenga walisema? Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki."

"Kikohozi nimekitibu miaka thelathini na miwili," Mama akajibu. "Nyamaza unywe maji."

Lakini hakuendelea na ukali. Alikuwa anamtazama binti yake, aliyekuwa amesimama wima katikati ya sebule na soksi tupu mkononi. Tangu azaliwe, Mama ndiye aliyemjibia: kwa walimu, kwa majirani, kwa madaktari. Hapa alikuwa amesema maneno mengi mbele ya wageni, na hakuna aliyemsaidia hata moja.

Msimamizi aliandika. "Mteja amevuta waya," alisoma kwa sauti, akiweka alama. "Kazi haina kosa. Hakuna cha minara." Kimya aliinua kiti chake kilichoanguka. "Ila, wewe," kalamu ikamwelekea fundi, "umenidanganya mbele ya mteja, tena kwa kumtukana. Nyumba hii hutaingia tena kikazi. Hata kibanio kimoja. Nikikuona humu na bisibisi, nitakupeleka minarani mimi mwenyewe."

"Nimeelewa, bosi."

"Ngoja nje."

Fundi alimwinamia Mama, akasema, "Nisamehe, mama, kwa ya panya," na Mama akasema, "Tutaona." Alivaa viatu vyake, kimoja kwanza akakivaa mguu usio wake, akatoka.

"Na waya wangu?" Mama alimuuliza msimamizi. "Utabaki sakafuni?"

"Nitaleta fundi mwingine wiki ijayo."

"Hapana. Hakuna fundi mwingine." Mama alitoa nyundo ndogo kwenye droo, akamkabidhi Kimya. "Aliyebandua atabandika. Leo. Mimi nitakushikia kiti."

Basi msimamizi alipokuwa amekaa akisainisha fomu zake na mama mdogo akimjazia karanga viganjani, Kimya alipanda kiti chini ya dirisha. Kibanio cha kwanza alikipiga upande. Cha pili kikaruka kikapotelea kwenye kochi. Cha tatu akajipiga kidole. Alipoinua macho akinyonya kidole, alimwona fundi upande wa pili wa kioo, amesimama kwenye majani, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Alikuwa amekatazwa kuingia. Kusimama dirishani hakuna aliyemkataza. Alitoa kidole kimoja, akamwonyesha: chini kidogo. Kushoto. Hapo. Kimya akapiga. Kibanio kikakaa.

Cha tano kikakaa. Cha sita. Fundi akawa anaitikia kwa kichwa kwa furaha kila pigo.

"Umejuaje mara moja hivi?" Mama aliuliza kutoka chini, akiwa ameshika miguu ya kiti kwa mikono miwili. Kisha akanyanyua shingo, akaona. "Bado yupo?"

"Yupo, Mama."

"Mfungulie dirisha, basi, kabla hajapasua kioo kwa macho."

Kimya alisukuma komeo. Hewa ikaingia, na kati ya nyuso zao hapakubaki kitu. Mama mdogo alikuwa ameshakaa sawa ili amsemee. Kimya alimwinulia kiganja bila kugeuka: subiri.

"Njoo Jumapili," alimwambia fundi. "Saa kumi jioni. Usije na ngazi."

"Nije na nini?"

Kimya alifikiri. Hilo hakuwa amelipanga. Aliinamisha macho kwa Mama, na Mama, ambaye alikuwa amerudisha uso wake kwenye miguu ya kiti, akajibu kama anayeiambia sakafu:

"Aje na mtu mzima mmoja. Msema kweli, kama kwao wapo."